Mzunguko wa Tatu Haufanani na wa Kwanza

Njia iliyokatwa mwezi mmoja kabla ya mashindano haina mwenyeji. Hata walioichonga wanaijua kwa miguu tu. Kwa magurudumu hakuna anayeijua. Hilo ndilo lililonivuta nijiandikishe kwenye mbio za baiskeli za milimani zilizofanyika Julai, kwenye vilima vya upande wa Ntyuka, kusini mwa jiji la Dodoma. Kwenye lami, tuseme barabara ya kwenda Iringa, wenye mapafu makubwa kuniliko wananiacha mapema, na hapo hakuna ujanja. Huku milimani nilitaka kuona kama jicho linaweza kuusaidia mguu. Linaweza, na sana. Nayaandika haya kwa sababu naona wengi wanaoanza mchezo huu hapa kwetu wanaandaa pumzi na miguu, halafu ardhi yenyewe wanakutana nayo siku ya mbio.

Na ardhi ya Dodoma ina tabia zake. Tuko mita elfu moja na mia moja na ushee juu ya usawa wa bahari. Mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 550 hadi 600, tena karibu yote inashuka kati ya Desemba na Aprili, kwa fujo, halafu inakata. Kiangazi kinachofuata ni kirefu. Vilima vyetu ni vya mawe ya graniti, na graniti ikichomwa na jua mchana na kupoa usiku, miaka nenda miaka rudi, inamomonyoka punje kwa punje. Punje nzito zinabaki karibu na mwamba zilikotoka. Nyepesi zinabebwa na maji hadi bondeni. Kwa hiyo juu utakuta mwamba mtupu, ubavuni utakuta changarawe juu ya udongo mgumu, na chini utakuta mchanga. Ukilishika hilo kichwani, nusu ya njia umeshaijua kabla hujapanda baiskeli.

Kazi ya kuichonga tuliifanya wenyewe, waendesha baiskeli na vijana wa pale jirani, kwa sururu, reki, panga na mtaimbo mmoja wa kung'olea mawe. Sehemu kubwa tulifuata vijia vya mbuzi. Kulikuwa na mjadala mkali hapo. Baadhi ya wenzetu walitaka kipande kimoja kishuke moja kwa moja kutoka kileleni hadi mtoni, kwa sababu mteremko wa namna hiyo unapendeza kuutazama na unapandisha mori. Mzee mwenye shamba la uwele pale chini alikuja kutuangalia. Nikamsalimia kwa Kigogo.

"Mbukwenyi, babu."

"Mbukwa, mjukuu wangu. Hivi mnatafuta nini kwenye mawe haya?"

Nikamweleza. Akasikiliza hadi mwisho, akatazama bendera ndogo tulizochomeka kuonyesha njia itakapopita, kisha akanyoosha fimbo kuelekea kwenye mbuzi wake waliokuwa ubavuni mwa kilima.

"Unawaona? Hawa hawashuki wima. Wanakata ubavuni, wanazunguka, wanafika. Anayeshuka wima ni maji. Mkimchongea maji njia, mwakani hapa pana korongo, na mchanga wote utakuja kukaa shambani kwangu."

Hakuwa amesoma popote kanuni za wajenzi wa njia za baiskeli, lakini alichosema ndicho wanachokifuata duniani kote: njia isizidi nusu ya mwinuko wa kilima inachokikata. Kilima chenye mwinuko wa asilimia 20, njia isipande wala kushuka zaidi ya asilimia 10. Ikizidi hapo, maji yanaacha kuvuka njia na kwenda zake. Yanaingia ndani ya njia na kukimbia nayo. Mimi ni Mrangi wa Kondoa. Nimekua nikisikia habari za mradi wa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, ulioanza mwaka 1973, na jinsi mwaka 1979 mifugo ilivyoondolewa kwenye maeneo yaliyoliwa na makorongo kwetu ili udongo upumzike. Watu waliondolewa ng'ombe wao, jambo zito kwa mfugaji yeyote, kwa sababu ardhi ilikuwa imechanika kiasi hicho. Sasa mtu wa Kondoa akisimama na sururu mkononi juu ya kilima, ni lazima jambo hili limguse. Nilikuwa upande wa mzee, na nilisema waziwazi. Mwishowe tulikubaliana sehemu kubwa ipite ubavuni, na kipande kifupi tu cha chini kishuke wima hadi mtoni. Nitarudi kwenye kipande hicho.

Siku moja kabla ya mbio wengi walikuja kuzunguka njia kwa baiskeli, kwa kasi, wakipiga picha. Mimi nilitembea. Nilivaa raba na kofia nikaizunguka yote taratibu, kilomita 8, na nikashauri kila aliyeniuliza afanye hivyo. Ukiwa juu ya baiskeli macho yako yako mita kumi mbele na akili inahangaika na usalama wako. Ukitembea unaona mambo madogo. Niliona matawi ya migunga yaliyoachwa kimo cha bega upande wa kulia wa kona mbili, kimo kilekile ambacho mkono unapita mtu anapoinama. Tuliyakata. Niliona mahali ambapo njia inaelekea mashariki moja kwa moja mara baada ya kutoka kwenye kivuli cha mawe makubwa, na mbio zilipangwa kuanza saa mbili asubuhi. Jua la saa hiyo liko chini na linapiga usoni. Kwa sekunde tatu nne huoni kitu, na hapohapo kuna mzizi wa mbuyu umekatiza. Nikauweka mzizi ule kichwani kwa alama ya jiwe jeupe lililo kabla yake. Na niliona mbigiri.

Asiyeijua mbigiri hajawahi kuendesha baiskeli huku kwetu. Ni kimmea kinachotambaa, kina maua madogo ya njano, kinapendeza wakati wa mvua. Kikikauka kinaacha tunda gumu linalopasuka vipande, na kila kipande kina miiba iliyokaa kwa namna ambayo hata kikianguka vipi, mwiba mmoja unatazama juu. Kwenye mwamba haipo. Kwenye mchanga mzito ni michache. Iko pembezoni mwa njia, mahali palipochimbuliwa na kukanyagwa na mifugo, yaani palepale mtu anapotoka nje ya njia kumpita mwenzake. Nilihesabu moyoni ni wapi naweza kumpita mtu bila kuingia kwenye mbigiri, na sehemu hizo hazikuwa nyingi.

Jioni nilikwenda kwa fundi wangu karibu na soko la Majengo. Aliipindua baiskeli, akazungusha magurudumu, akasikiliza beringi, akabonyeza tairi kwa dole gumba.

"Dada, huu ni upepo wa lami. Kesho unakwenda wapi?"

"Milimani, fundi. Mawe, changarawe, halafu mto mkavu."

"Basi tupunguze. Tairi likijaa sana linaruka juu ya jiwe, halilishiki. Likipungua sana rimu inagonga."

Mimi nina kilo 63 na tairi zangu ni pana, inchi 2.2. Tulishuka kidogokidogo, tukitoa na kupima, hadi psi 24, yaani kipimo cha mgandamizo wa upepo, mbele na 26 nyuma. Nyuma panahitaji zaidi kidogo kwa sababu uzito mwingi wa mwendeshaji unakaa huko. Mwenye kilo 80 asiige namba hizi. Aanzie juu yake na ashuke mwenyewe hadi asikie tairi linatulia kwenye mawe bila rimu kugonga. Ndani ya tairi tulikwisha kumimina ile dawa nzito ya kuziba pancha. Fundi alinikumbusha jambo ambalo limeniokoa mara nyingi: mwiba ukiingia njiani usikimbilie kuung'oa. Ukiwa ndani unaziba tundu lake mwenyewe. Ukilazimika kuung'oa, ung'oe na uzungushe gurudumu tundu likae chini, ili dawa ilifikie kabla upepo haujaisha.

Asubuhi ilikuwa baridi, baridi ile ya Julai ya Dodoma ambayo wageni hawaitarajii. Tulianza kwa mafungu, wanaume kwanza, sisi wanawake dakika chache baadaye, mizunguko mitatu. Vumbi la waliotangulia lilikuwa bado limening'inia. Mpando wa kwanza unaanza ghafla baada ya kona, na pale pale nilisikia cheni zikilia krr, krr, na mwenzetu mmoja cheni yake ikakatika. Gia hubadilishwa kabla ya mpando, wakati mguu bado mwepesi. Ukisubiri uelemewe ndipo ubadilishe, unailazimisha cheni ihame huku ikiwa imebeba uzito wako wote. Baada ya hapo ni kusogea mbele kwenye kiti, kushusha kifua kuelekea kwenye hendeli ili gurudumu la mbele lisinyanyuke, na kunyonga kwa mzunguko ulio sawa. Ukikanyaga kwa kushtua, gurudumu la nyuma linateleza na unashuka kutembea.

Juu kabisa kuna mwamba mpana ulioinama kidogo kushoto. Mwamba wenyewe unashika tairi vizuri kuliko hata lami. Hatari yake ni punje za graniti zilizotawanyika juu yake: zinaviringika chini ya tairi kama gololi. Nilikuwa nimeshaona nilipotembea kwamba punje zinakusanyika upande wa chini, kushoto, na upande wa juu ni msafi, kwa hiyo nilipita juu, pedali zikiwa usawa, magoti na viwiko vimekunjwa, bila kugusa breki ya mbele. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu ya kweli ya kusimamisha baiskeli, lakini kazi yake inafanyika kabla ya kona na kabla ya changarawe, gurudumu likiwa limesimama wima. Kaka mmoja wa fungu la wanaume alikuwa amekaa pembeni akishika bega. Gurudumu la mbele lilimkimbia palepale. Mhudumu wa huduma ya kwanza alikuwa naye tayari. Nilipunguza, nikamuuliza kama anahitaji kitu, akanipungia mkono niendelee.

Kisha ikaja sehemu ninayoipenda kuliko zote, ubavuni, ile iliyofuata mbuzi. Njia inapinda, inazama kidogo, inainuka kidogo, mibuyu isiyo na majani huku na huku, na chini kabisa unaona mabati ya mji yanang'aa hadi upande wa Chuo Kikuu cha Dodoma. Hapo baiskeli inakwenda yenyewe. Nilikuta kundi la mbuzi linakatiza, na kijana anayewachunga akijitahidi kuwaharakisha kwa miluzi. Tulikuwa tumekubaliana tangu mwanzo kwamba mifugo ina haki ya kwanza, kwa hiyo nilisimama na kuweka mguu chini. Dada aliyekuwa nyuma yangu akasimama pia. "Pole, dada, wanamalizika," kijana akasema. "Usijali mdogo wangu, hii ni njia yao," nikamjibu. Sekunde zilizopotea pale sikuzihesabu kama hasara, na sipendi mashindano ambayo mchungaji anaonekana kama kizuizi. Tukianza kuwafokea wenyeji, njia hizi hazitakuwepo mwaka kesho, na hatutastahili kuwa nazo.

Mto mkavu ndio uliotofautisha watu. Ni mchanga mtupu, upana wa kama mita arobaini. Kwenye mzunguko wa kwanza juu yake kulikuwa na gamba gumu lililotengenezwa na maji ya mwisho ya masika na kukaushwa na jua. Mtu aliyekwenda gia nyepesi, uzito nyuma, mikono imelegea, alivuka akiwa juu ya baiskeli. Siri ya mchanga ni kutopigana nao kwa usukani. Gurudumu la mbele litacheza. Liache licheze, angalia ng'ambo unakotaka kufika na uendelee kunyonga. Anayejaribu kulinyoosha kwa nguvu anazama.

Mzunguko wa pili gamba lile lilikuwa limevunjika katikati, mahali watu wote walipopita. Mzunguko wa tatu katikati pale palikuwa na handaki la mchanga laini, na watu wenye miguu yenye nguvu kuliko yangu walikuwa wanaingia humo humo, kwa sababu ndipo walipopita mara mbili na wakafanikiwa. Walishuka wakasukuma. Mimi nilikwenda mkono wa kulia, karibu na ukingo, ambako mizizi ya nyasi bado ilikuwa imeshika gamba. Palikuwa parefu kidogo, pembeni pana mbigiri, na nilivuka bila kushuka. Nilipita watu wawili pale, na mwingine kwenye kona ya baadaye ambako changarawe ilikuwa imesukumwa yote nje na magurudumu ikajenga kaukuta kadogo. Ukuta ule haukuwepo asubuhi, na sasa unaweza kuuegemea ukapita kasi.

Hiki ndicho kitu ambacho njia mpya imenifundisha, na sikukipata kwenye njia za zamani zilizokwisha kukanyagwa zikatulia. Njia mpya inamaliziwa na wanaoipita. Kila gurudumu linaichonga zaidi: linavunja gamba, linafagia punje kutoka mwambani, linafukua jiwe lililokuwa limefunikwa. Uliyoyakariri kwenye mzunguko wa kwanza yanakusaidia kujua mahali pa kuangalia, lakini jibu unalipata upya kila unapofika. Nilijizoeza kujiuliza kimoyomoyo kila mahali pagumu, "Sasa hivi pakoje?" Swali hilo lilinifaa kuliko mazoezi yote ya kupandisha kasi niliyoyafanya.

Mzunguko wa tatu ulikuja na upepo pia. Majira haya upepo wa kusini mashariki unaamka kadiri jua linavyopanda, na kwenye mgongo wa kilima hakuna cha kuuzuia. Pale ni vizuri kupata mtu wa kujibanza nyuma yake na kupokezana naye. Mimi na yule dada tuliyesimama naye kwa mbuzi tulipokezana hadi mwisho wa mgongo bila kuambiana neno, kila mmoja akikata upepo kwa zamu. Kuhusu maji, nitasema kwa ufupi lakini kwa msisitizo: hewa ya Dodoma ni kavu, jasho linakauka kabla hujaliona, na unadhani hujatoka jasho. Usingoje kiu. Nilikunywa kila baada ya kama dakika kumi na tano, chupa moja ya maji na nyingine ya juisi ya ubuyu yenye sukari kiasi na chumvi kidogo.

Nilimaliza wa tatu kwa upande wa wanawake. Nilifurahi kweli, na mama yangu alifurahi zaidi alipopigiwa simu. Waliotuzidi wawili walistahili; aliyeshinda alipanda ule mpando wa kwanza kwa namna ambayo nitahitaji mwaka mzima wa kazi kuifikia.

Lakini baada ya zawadi na picha, nilirudi kwenye kile kipande cha chini kinachoshuka wima. Nilikwenda na baadhi ya wenzangu, na mzee akatukuta huko. Asubuhi kilikuwa njia ya kawaida. Sasa katikati yake palikuwa na mfereji unaoingia kiganja kizima, uliochimbwa na magurudumu yaliyofungwa breki za nyuma. Udongo uliokuwa umeshikamana ulikuwa unga. Kwenye vipande vya ubavuni, vilivyopitwa na watu walewale, idadi ileile ya mara, hapakuwa na mfereji wowote. Hakuna aliyebisha tena. Mvua ya kwanza ya Desemba ikikikuta kipande kile vile kilivyo, itakigeuza korongo kabla ya Krismasi, na uwele wa mzee utaota chini ya mchanga wetu.

Tuliamua palepale. Kipande cha wima kinafungwa. Tutakipanga mawe kukikatiza kila baada ya hatua chache ili maji yapunguze mbio na kumwaga udongo yakiwa njiani, halafu tutakifunika kwa matawi ya miiba hadi nyasi zirudi. Njia mpya itazunguka juu ya shamba, alipotuonyesha mzee kwa fimbo, ikiinamishwa kidogo upande wa bondeni ili maji yaivuke na kwenda zake. Mbio zijazo zitakuwa ndefu kwa karibu nusu kilomita kwa sababu hiyo, na mimi naona ni faida. Kazi tunaifanya Jumamosi asubuhi, kabla ya jua kali, kwa wiki zote zilizobaki hadi mvua. Anayetaka kuja aje na sururu, glavu na maji yake ya kunywa, mtaimbo upo.